Askari wa Jumamosi

Fundi alikuwa amepanga kumshtua mchumba wake, akashtuka yeye.

Alipanda basi la alfajiri bila kumwambia, akavaa lile shati la bluu ambalo binti aliwahi kulisifu, na kufika kwenye ule mji mdogo wa kando ya mto jua likiwa limeshachangamka. Ulikuwa mji mkimya hasa, wa maduka yanayofunguliwa kwa uvivu na mbwa wanaolala katikati ya barabara bila wasiwasi. Usingedhani watu waliwahi kuuana hapo. Lakini zamani, enzi za babu zao, vita vikali vilipiganwa kwenye kivuko cha mto ule, na mpaka leo mji unakula kwa jasho la wafu wake. Mahandaki yameota nyasi. Mzinga mmoja umebaki ukingoni na ndege wamejenga kiota mdomoni mwake. Juu kidogo kuna makaburi meupe, safu kwa safu, na wageni huja kutoka mbali kuyatazama. Aliyewatembeza wageni hao na kuwasimulia nani alifia wapi ndiye huyo mchumba, ambaye Fundi alimbatiza jina la Chiriku kwa sababu tangu amjue hakuwahi kumwona akinyamaza kwa muda wa kumaliza kikombe kimoja cha chai.

Yeye mwenyewe alikuwa fundi wa mafriji, na alijulikana mjini kwao kwa jambo moja: hafungui mashine kabla ya kuisikiliza. Huweka sikio, hufumba macho, kisha hutaja ugonjwa. Mara nyingi hupatia. Kupatia mara nyingi ni kitu kibaya kwa mwanamume, maana humfanya asahau kwamba kuna kukosea.

Basi siku hiyo pia alianza kwa kusikia. Alikuwa anashuka njia ya mtoni, begi begani, aliposikia sauti ya Chiriku ikitokea gatini. Akatabasamu peke yake kama mwehu. Akajibanza nyuma ya mzinga ili amtokee ghafla akimaliza, akachungulia.

Kundi la wageni lilikuwa limesimama kimya. Mbele yao, pale ambapo mbao za gati zinaishia na mtumbwi umefungwa, Chiriku alikuwa ameshika mikono miwili ya mwanamume. Mwanamume mwenyewe alikuwa mrefu, amevaa miwani, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Alikuwa anamtazama Chiriku kwa utulivu ambao Fundi hakuupenda hata kidogo.

"Nenda," Chiriku akamwambia yule mtu, taratibu. "Ila usinirudie mtu mwingine. Mimi nimeshamzoea huyu."

Mwenye miwani hakujibu. Aliinamisha kichwa, akaingia mtumbwini, akashika kasia, na mvushaji mzee akausukuma mtumbwi ukaondoka. Bibi mmoja katika kundi alifuta macho kwa ncha ya mtandio. Ndipo Chiriku akawageukia wageni na kuwaeleza kwa sauti yake ya kazi kwamba hivyo ndivyo binti wa mvushaji alivyomuaga askari wake asubuhi ile ya vita, na kwamba askari alivuka na hakurudi.

Kwa hiyo ilikuwa maigizo tu. Fundi hakuwa mjinga, alilielewa hilo palepale. Kilichomkata maini hakikuwa mikono. Yalikuwa maneno.

Maana maneno yale yalikuwa yake. Chiriku alimwambia yeye, kwa mdomo uleule, wakiwa wamesimama stendi ya mji huohuo, wiki ya kwanza alipoanza kazi na Fundi akaja kumwona anavyoishi. Basi lilikuwa limeshawashwa, kondakta anapiga bodi kwa kiganja, na Chiriku akamshika mikono miwili na kumwambia neno kwa neno kama alivyomwambia huyu mpiga pasi. Tangu siku hiyo Fundi hakukanyaga tena pale. Joto lilipanda, mafriji ya mji mzima yakagoma kwa zamu, na yeye akawa anatoka nyumba hii anaingia ile. Lakini usiku, kabla ya kulala, alikuwa anayatoa maneno yale na kuyasikiliza upya, kama mtu anayehesabu mali yake. Kumbe mali yenyewe inagawiwa gatini kwa kila mwenye tiketi.

Hakumtokea. Aligeuka akapanda na njia ileile, begi likiwa zito kuliko lilivyokuja.

Chiriku alikaa kwa shangazi yake, mama mnene mcheshi mwenye nyumba ya wageni ya vyumba vichache juu ya mto. Shangazi alimpokea Fundi kwa furaha, akamkalisha sebuleni, akamletea chai na kumwambia kwamba mtoto yuko kazini, atapanda mchana kula, angoje. Pembeni friji lilikuwa linaunguruma na kutetemeka kama mzee mwenye homa. Fundi, kwa mazoea tu, akasogea akaweka sikio ubavuni mwake.

"Shangazi, kompresa hii imekwisha," akasema. "Usihangaike nayo. Tafuta friji jingine."

"Juzi tu lilikuwa zima," Shangazi akashangaa.

"Ndivyo yanavyokufa. Mimi nikisikia, nimesikia."

Shangazi akasikitika, akakaa, akaendelea na habari nyingine. Fundi aliuliza kama mtu asiyejali ni nani yule bwana mrefu mwenye miwani aliyeonekana mtoni. Na Shangazi, Mungu amsamehe, hakujua kwamba anamwaga petroli. Alieleza kwamba yule ni mpima ardhi, anafanya kazi ng'ambo, mtu mstaarabu kweli. Kila Jumamosi anavuka, anakata tiketi kama mgeni, anafuata kundi kutoka makaburini mpaka gatini, ingawa hadithi yote ameshaikariri. Watu wa hapa wamempa jina: Askari wa Jumamosi. Akicheka, Shangazi aliongeza kwamba mwezi uliopita alimletea Chiriku mwavuli, kwa kuwa mvua ilikuwa inamnyeshea kazini.

Chai ikamshinda Fundi. Alikumbuka maneno ya dada yake mkubwa, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki na ambaye neno lake nyumbani lilikuwa ndilo la mwisho. Jirani mmoja alitembelea uwanja ule wa vita akarudi na umbea: mchumba wa mdogo wako nimemwona akimuaga mwanamume mtoni, wameshikana mikono. Dada alimweka Fundi kitako. Lisemwalo lipo, alimwambia, na kama halipo laja. Wazee wako tayari kwenda kupeleka posa, lakini hawaendi kwa mwanamke wa kazi hiyo. Aache kwanza. Fundi alimtetea Chiriku mbele ya dada yake, tena kwa ukali. Lakini baada ya hapo aliacha kupiga simu kwa muda, akijiambia kazi ni nyingi. Na safari hii alikuja na mambo mawili moyoni: kuuliza wazee waje lini, na kuomba, kwa lugha laini, kazi iachwe. Njiani lile la pili lilikuwa limeshamtoka kichwani. Sasa lilirudi likakaa mbele.

Chiriku aliingia mchana na vumbi miguuni, akamwona, akapiga kelele ndogo na kumkimbilia. Fundi alisimama kama mlingoti. Binti akaona. Furaha ikamshuka usoni polepole, na Shangazi, ambaye hakuzeeka bure, akakumbuka kwamba ana kitu jikoni.

Walitoka barazani, mahali ambapo mto unaonekana wote, wa kahawia na mtulivu, na mtumbwi mmoja ukiwa umelala kando.

"Umefika saa ngapi?" Chiriku akauliza.

"Nimefika saa ya kuagana."

Chiriku akamtazama. "Ulikuwa gatini."

"Nyuma ya mzinga."

"Ukajificha, na shati lote hilo la bluu." Alijaribu kucheka, kicheko kikakosa pa kwenda. "Basi sema, Fundi. Unataka kuniuliza nini?"

"Maneno yale ni ya nani?"

Chiriku hakujifanya haelewi, na kwa hilo Fundi alimshukuru baadaye. Wakati ule hakumshukuru kwa lolote.

"Ni yako," akasema.

"Basi kwa nini unayagawa? Uliniambia mimi. Mimi nilikwenda nayo kwetu nikayaweka. Wewe umeyafanya ya kuuzia tiketi, na kila Jumamosi anakuja mtu na miwani yake kuyachukua upya."

Chiriku alikaa kwenye ngazi. Alieleza kwa sauti ya chini, akichezea ukindu uliochomoka kwenye mkeka wa barazani, kwamba alipoanza kazi alikuta hadithi ina tundu. Yule binti wa mvushaji, wote wanajua kwamba alisimama gatini asubuhi ile. Alisema nini, hakuna anayejua, maana waliomsikia walikufa mchana wake. Aliyemtangulia kazini alikuwa anamtungia kilio kirefu, na wageni walikuwa wanacheka kwa mikono midomoni. Yeye akajaribu hivi na vile, ikawa vilevile. Kisha siku moja, siku aliyokuwa amemkumbuka Fundi mpaka kifua kinauma, alimshika mikono mgeni asiyemjua na kujikuta akisema aliyoyasema stendi. Gati zima likanyamaza.

"Sikuwa na mengine ya kumpa yule binti," akasema. "Sijawahi kumuaga mtu kwa moyo isipokuwa wewe. Nikampa ya kwangu."

Ungekuwa wewe, msomaji, labda ungelainika hapo. Fundi alikaribia. Lakini wivu ni kama mwiba wa samaki kooni, hata ukimeza tonge unaendelea kuusikia.

"Na yeye?" akauliza. "Wanaume wote wanaokuja, kwa nini yeye?"

"Kwa sababu hachekicheki, na kasia analiweza."

"Na mwavuli?"

Chiriku alinyamaza. Alinyamaza kweli, yule ambaye hanyamazi, na Fundi akaogopa kuliko alivyoogopa tangu asubuhi.

"Sitakudanganya," hatimaye akasema. "Kuna Jumamosi nilifurahi kumwona. Wewe ulikuwa hupigi simu. Nikipiga mimi, unajibu kama mtu anayezungumza na mteja. Yeye alikuja, akasimama mbele, akanisikiliza mpaka mwisho kama vile ndiyo mara ya kwanza. Hakuniambia neno baya wala neno zuri. Alileta mwavuli. Nikajiuliza, nikasema, hivi mtu anayesikiliza yuko hivi?"

"Ukajijibu nini?"

"Nikajijibu kwamba nakusubiri wewe. Lakini nilijiuliza, Fundi. Nimekuambia ili usije ukaambiwa na jirani."

Lile neno jirani lilimchoma. Na aliyechomwa huchoma. Fundi akayatoa yote ya dada yake, na si kwa lugha laini aliyoipanga. Alisema wazee hawatakanyaga hapa mpaka kazi ile iachwe, na kwamba hakuna mwanamume mwenye akili anayeoa mke wa kuagana na kila mtu. Alipomaliza aliyasikia mwenyewe, na hakuyapenda, lakini neno likishatoka halina mkia wa kulivutia.

Chiriku alisimama akajikung'uta vumbi.

"Siku ile stendi nilikuambia usinirudie mtu mwingine," akasema. "Huyu aliyekuja leo simjui. Nina kundi la mchana linaningoja makaburini. Basi la kurudi kwenu linaondoka kabla jua halijazama. Ukitaka kwenda, nenda, safari hii sina la kukuambia."

Akashuka ngazi. Hakugeuka nyuma, na Fundi alimtazama mpaka mgongo wake ulipopotea kwenye kona ya njia.

Alirudi sebuleni kuchukua begi. Alikuwa ameshaamua, au alidhani ameamua. Atapanda basi, atamwambia dada yake alikuwa sahihi, atalala, na kesho yake atafungua friji la mtu. Moyo ulikuwa unapinga kila hatua, naye anausukuma tu. Shangazi alimwona akifunga zipu na hakumzuia wala kumuuliza. Alisema tu kwamba mtu haanzi safari na koo kavu, akafungua lile friji, akavuta chupa ya maji na kufunga mlango.

Mtetemo ukakoma. Friji likabaki likiunguruma kwa upole, kama friji lolote lenye afya.

Fundi akaacha begi. "Umegusa nini, Shangazi?"

"Chupa. Juzi nilizipanga mbili karibukaribu, naona zilikuwa zinagongana." Shangazi akamtazama, akatazama friji, kicheko kikaanza tumboni kikapanda. "Na wewe mwanangu ulishalizika. Hata mlango hukuufungua."

Fundi alitamani ardhi ipasuke. Katika miaka yake yote ya ufundi hakuwahi kuzika friji zima kwa sababu ya chupa mbili, na kama wateja wake wangesikia angehama mji. Alifungua mlango mwenyewe akachungulia ndani, kwa aibu zaidi kuliko kwa haja. Kulikuwa na baridi safi, nyanya, na bakuli la maziwa. Hakuna kilichoharibika mle isipokuwa heshima yake.

"Nililisikia vizuri, Shangazi," akasema taratibu.

"Sauti uliisikia, sikatai," Shangazi akajibu, akimpa chupa. "Haya, wahi basi."

Fundi aliipokea kwa mikono miwili kama kijana mwenye adabu zake, akaiweka mezani bila kuifungua. Begi aliliacha pale pale chini. Alitoka.

Kundi la mchana lilikuwa limeshafika gatini. Lilikuwa kubwa kuliko la asubuhi, na Chiriku alikuwa anasimulia kwa sauti iliyochoka, macho yamevimba kidogo ingawa wageni wangedhani ni jua. Alieleza habari za ng'ambo, za bunduki zilizokuwa zinangoja kwenye yale majani, za mitumbwi iliyokwenda imejaa. Kisha akafika mahali pake. Akauliza, kama anavyouliza siku zote, nani atakuwa askari.

Mwenye miwani, ambaye alikuwa amevuka tena na kukata tiketi ya pili siku hiyo, akasogea mbele. Chiriku akamtazama, na Fundi, akiwa bado njiani anahema, aliuona mtazamo ule. Haukuwa wa mapenzi. Ulikuwa wa mtu aliyechoka kungoja, na huo ndio wa kuogopwa.

"Nitakuwa mimi," Fundi akasema kutoka nyuma.

Watu wakampisha. Alipita katikati yao na shati lake la bluu lililolowa jasho, akasimama mbele ya Chiriku. Mpima ardhi alimtazama kutoka juu hadi chini, akamtazama Chiriku usoni, na akaelewa. Lazima tumpe haki yake, alikuwa mstaarabu kama alivyosifiwa. Alirudi nyuma hatua moja bila kinyongo, na huzuni yake akajifunika nayo mwenyewe.

Chiriku hakuwa na njia. Kazi ni kazi, na wageni wamelipa. Akaishika mikono ya Fundi. Viganja vyake vilikuwa vya baridi.

"Nenda," akaanza, na sauti ikamkatikia. Akaikaza mikono ya Fundi. "Ila usinirudie mtu mwingine. Mimi nimeshamzoea huyu."

Hapo ndipo askari huinamisha kichwa na kuingia mtumbwini. Hakuna mgeni aliyewahi kusema neno, kwa kuwa hakuna anayejua askari alijibu nini. Mvushaji mzee alikuwa ameshashika kamba.

"Siendi," Fundi akasema.

Mvushaji akaduwaa na kamba yake. Wageni wakatazamana.

"Fundi," Chiriku akanong'ona bila kufungua mdomo, "unaniharibia hadithi."

"Hadithi nimeisikia. Yule alikwenda. Mimi siendi." Alikuwa anaongea polepole, anayachagua maneno. "Nimesema upuuzi leo. Sikukupigia simu kwa sababu niliogopa, nikaiita kazi. Haya maneno wape wote wanaokuja, nimekubali, mradi mimi ndiye niliyeambiwa kwanza. Siondoki kwenye gati hili mpaka uniambie wazee waje lini."

"Na dada yako?"

"Atakata tiketi kama watu wengine, aje ajionee."

Yule bibi wa asubuhi hakuwepo, lakini mabibi hawakosekani, na mmoja alianza kujipangusa macho kabla hata hajajua analilia nini. Chiriku alimtazama Fundi kwa muda. Alimkagua usoni kama mtu anayekagua kitu chake kilichorudi baada ya kuazimwa, na polepole mikono yake ikaanza kupata joto.

"Sasa nani anavuka?" mvushaji akauliza, maana jua lilikuwa linashuka na yeye ana kwake.

Mpima ardhi akapita kando yao, akaingia mtumbwini, akashika kasia. Kwake kulikuwa ng'ambo, hata hivyo. Mtumbwi ukaondoka, na hakugeuka.

Chiriku aliusindikiza kwa macho mpaka katikati ya mto, kwa heshima. Kisha akamgeukia Fundi, mikono bado imo mikononi.

"Waambie waje Jumapili," akasema. "Jumamosi nipo kazini."